Maharagwe ni yetu, tenda ni ya mfanyabiashara: je, sheria inamlinda mkulima?

SWALI: "Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima katika kaunti ya Trans Nzoia. Tuko 24, wanawake 21 na wanaume watatu, na tunalima mahindi na maharagwe. Mwaka jana tuliomba tenda ya maharagwe katika shule ya upili ya bweni iliyo karibu sana na mashamba yetu. Tukashindwa na mfanyabiashara mwenye duka mjini ambaye, kwa tunavyojua, maharagwe yake yalitoka Uganda. Tulisikia serikali inalazimika kununua asilimia 40 kutoka kwa wakulima wa hapa nchini, na kwamba wenyeji wa kaunti wana asilimia 20 yao. Mwalimu mkuu anasema hajui sheria hizo. Je, tumedhulumiwa? Na tufanyeje ili mwaka ujao tuuze? Makaratasi yetu yanashikwa na mweka hazina, mwanamume aliyestaafu ualimu, kwa hivyo ukitutajia fomu tutazipata."

JIBU: Mama mwenyekiti, una maswali mawili ndani ya moja: kama haki yenu imekanyagwa, na namna ya kuuza. Kwa hayo uliyoandika, sioni dalili kwamba mlinyang'anywa kitu ambacho sheria iliwapa. Ninachoona ni kwamba ipo nafasi ambayo sheria imewatengea na hamjaiomba, na kinachowazuia kuiomba ni yule mweka hazina wenu mwema. Nitarudi kwake.

Kwanza tuondoe asilimia 40. Namba hiyo ipo, lakini si yenu. Kifungu cha 157 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 kinamtaka mzabuni wa kigeni anayeshiriki tenda ya kimataifa apate angalau asilimia 40 ya bidhaa zake kutoka kwa wakandarasi Wakenya kabla hajaleta zabuni. Inaihusu kampuni ya nje inayojenga bwawa au kuleta mitambo. Haimwambii mwalimu mkuu anunue magunia manne kati ya kumi kwa jirani yake. Namba hiyohiyo imetajwa pia na wanasiasa katika kampeni ya Buy Kenya, Build Kenya, kama lengo la serikali kununua bidhaa za nyumbani. Lengo la sera halikupi pa kusimama mbele ya kamati ya tathmini. Kwa hiyo mwalimu mkuu hakuwadanganya hapo.

Kuna upendeleo mwingine unaotajwa sana, ule wa bidhaa "zilizolimwa Kenya". Huo upo kweli na unafika asilimia 20, lakini unafanya kazi katika ushindani wa kimataifa tu, na hata huko wengi hawauelewi. Hauongezi malipo. Tuseme mgeni ameomba kuuza gunia kwa Sh 3,000 na mwenyeji kwa Sh 3,400. Wakati wa kulinganisha, bei ya mwenyeji hupunguzwa kwenye karatasi kwa kiwango cha upendeleo, inasomeka kama Sh 2,720, na anashinda. Akishashinda analipwa Sh 3,400 zake alizoandika. Tenda ya shule haifiki popote karibu na kiasi ambacho mgeni anaruhusiwa kuingia, maana kiasi hicho kinahesabiwa kwa mamia ya mamilioni. Mlishindana Wakenya watupu, na baina ya Wakenya upendeleo huo haupo.

Asilimia 20 ya wenyeji wa kaunti nayo ni ya kweli, ila mmeipeleka mlango usio wake. Inahusu manunuzi ya serikali ya kaunti yenyewe. Hospitali ya kaunti, chuo cha ufundi cha kaunti, chekechea zilizo chini ya kaunti: huko mnaweza kuuliza orodha iliyotengewa wakaazi. Shule ya upili ya umma iko chini ya serikali ya kitaifa, ikiendeshwa na bodi yake. Ni mnunuzi wa umma kamili na inafungwa na sheria ileile ya ununuzi, lakini asilimia 20 ya kaunti haiifikii.

Inayoifikia ni asilimia 30. Kila mnunuzi wa umma, shule ikiwemo, anatakiwa atenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake ya ununuzi kwa biashara zinazomilikiwa na wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mpango huo ndio AGPO, ulioanza mwaka 2013 baada ya kiwango kupandishwa kutoka asilimia 10. Tenda iliyotengwa inashindaniwa na wenye cheti cha AGPO peke yao. Mwenye duka mkubwa asiye na cheti haingii, hata bei yake ikiwa ya chini namna gani. Mnunuzi anatakiwa kutoa taarifa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma kila miezi sita, akionyesha tenda alizowapa makundi haya. Hiyo ndiyo silaha yenu, na ni silaha ya adabu: mnamwuliza mwalimu mkuu kwa barua ni bidhaa zipi mwaka huu shule imeziweka katika ile asilimia 30. Shule nyingi hutengea vitu vidogo kama sabuni, karatasi na fagio, kisha nafaka, ambako ndiko pesa iliko, wanaiacha wazi kwa wote. Si kosa kufanya hivyo ikiwa jumla inatimia. Lakini shule ya bweni inatumia pesa nyingi kwenye chakula kiasi kwamba ni vigumu kufikisha asilimia 30 bila kugusa chakula, na barua yenu inamkumbusha hesabu hiyo.

Sasa jambo ambalo nadhani ndilo linalowauma, ingawa hamkulisema hivi. Sheria yetu inauliza biashara ni ya nani. Katika tenda kama ya shule, haiulizi maharagwe yameota wapi. Kijana mwenye cheti cha AGPO akinunua gunia Malaba, mpakani mwa Uganda, na kulifikisha shuleni, mbele ya sheria amestahili upendeleo. Mkulima wa kiume wa miaka hamsini anayelima uzio kwa uzio na shule hana upendeleo wowote. Tumejenga sera ya kuinua wafanyabiashara waliosahauliwa, jambo jema, halafu tukaitangaza kana kwamba ni sera ya kuinua wakulima. Nchi iliyoamua kumlenga mkulima ilibidi iandike sheria tofauti kabisa. Brazili, kwa sheria nambari 11.947 ya mwaka 2009, ilielekeza kwamba angalau asilimia 30 ya pesa za kitaifa za chakula cha shule zinunue moja kwa moja kwa kilimo cha familia. Kiwango hicho kimepandishwa hadi asilimia 45 kuanzia 2026. Kinachofanya mpango wao ufanye kazi ni namna ya kununua, kuliko hata hiyo asilimia. Hakuna kushindana kwa bei. Bei hutafitiwa sokoni na kutangazwa kabla, na wakulima waliosajiliwa kama familia za kilimo huitwa walete mipango yao ya kuuza. Mfanyabiashara hana nafasi ya kupunguza shilingi mbili akawafukuza. Kenya haina utaratibu huo kwa shule, kwa hiyo hamwezi kuudai, ila mbunge wenu akija kuomba kura mnajua cha kumwuliza.

Na yale maharagwe ya Uganda? Sheria haimzuii mshindi kuyaleta, mradi yawe yameingia kihalali na yatimize viwango. Zaidi ya hapo, Kenya imetia saini Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ambayo kifungu chake cha 35 kinakataza kubagua bidhaa za nchi wanachama katika ununuzi wa umma. Mwalimu mkuu pia hawezi kuandika kwenye tenda "maharagwe ya Trans Nzoia pekee", kwa sababu kifungu cha 60 cha sheria ya ununuzi kinakataza kutaja asili ya bidhaa pale ambapo sifa zake zinaweza kuelezwa kwa njia nyingine. Msimsukume afanye hivyo. Tenda itafutwa, na jina lenu litakuwa ndani ya faili la kufutwa.

Anachoweza kufanya kihalali ni kingi, na kinawafaa ninyi zaidi ya mfanyabiashara. Anaweza kugawa nafaka katika mafungu ya ukubwa ambao kikundi kinaumudu, sheria inaruhusu hivyo kwa ajili ya makundi maalumu, mradi lengo lisiwe kukwepa utaratibu wa tenda. Anaweza kuandika aina ya maharagwe anayotaka, tuseme rosecoco au nyayo, kiwango cha unyevu, mwezi wa kuvunwa, na muda wa kuiva jikoni. Hilo la mwisho msilidharau. Maharagwe yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu huwa magumu, yanachemka nusu siku na kumaliza kuni. Mpishi wa shule analijua hilo kuliko kamati nzima. Chukueni nusu kilo ya mavuno yenu na nusu kilo ya yale yaliyomo stoo, yalowekwe usiku mmoja, yapikwe sufuria mbili moto mmoja, na mpishi aandike saa. Fanyeni hivyo kabla tenda haijatangazwa, wakati shule inaandaa mahitaji yake. Tenda ikishatangazwa, mkionekana jikoni mnageuka watu wanaotafuta njia ya nyuma.

Turudi kwa mweka hazina. Ili kikundi kipate cheti cha AGPO upande wa wanawake, wanachama wanawake wawe angalau asilimia 70. Ninyi mko 21 kati ya 24, hiyo ni zaidi ya 87, mmevuka. Lakini uongozi unatakiwa uwe wa wanawake kwa asilimia 100. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wote. Mweka hazina mmoja mwanamume anaangusha ombi zima. Hakuna haja ya kumfukuza mzee wa watu. Mchagueni mwanamke kuwa mweka hazina, naye mwalimu abaki mwanachama na mtunza vitabu asiye na cheo. Andikeni kumbukumbu za kikao, zitiwe saini, zipelekwe kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo ili viongozi wapya waingie kwenye usajili. Kisha badilisheni watia saini benki, kwa maana katika tenda zilizotengwa mtia saini wa lazima wa akaunti anapaswa kuwa mtu wa kundi lililotengewa, kwenu ni mwanamke. Fuateni mpangilio huo: usajili, benki, halafu AGPO. Mkianzia AGPO na majina ya zamani mtarudishwa.

Ombi lenyewe linafanywa mtandaoni kwa Hazina ya Kitaifa, na ni bure. Anayewadai pesa za "kuharakisha" anawaibia. Mtahitaji cheti cha usajili, vitambulisho vya viongozi, PIN ya kikundi, yaani nambari ya kodi, na cheti cha kutii kodi kutoka KRA, mamlaka ya mapato. Hapo kwenye KRA ndipo vikundi vingi vya wakulima hukwama: wanachukua PIN, hawapati mapato, wanadhani hawana cha kutangaza, na baada ya miaka miwili wanakuta faini kwa sababu hawakuwasilisha hata ritani ya sufuri. Angalieni hilo leo. Cheti cha kodi hudumu miezi 12, cha AGPO miaka miwili, na tenda haimngojei mtu ambaye chake kimeisha juzi.

Kuna swali kama mbaki kikundi cha kujisaidia au mgeuke chama cha ushirika. Sheria ya ununuzi inatambua vikundi vilivyosajiliwa, lakini shule nyingi huandaa fomu zao zikiwa na kampuni akilini, zikidai hati ambazo kikundi hakina. Ushirika unahitaji watu kumi tu, una uwezo kamili wa kuingia mkataba na kudai deni kwa jina lake, na unaweza kukopa. Gharama yake ni ukaguzi wa hesabu wa kila mwaka na uongozi wenye masharti. Kama ninyi mnataka kuuza kwa shule moja tu mwaka ujao, bakini kikundi. Kama mna nia ya shule tatu na hospitali, nendeni kwa afisa wa ushirika sasa, si baada ya kushinda.

Zabuni nyingi hufa kabla bei haijasomwa, kwa makosa ya karatasi. Kurasa zote zinatakiwa ziwe na nambari mfululizo, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, viambatisho vikiwemo. Nambari ikiruka, umetoka. Fomu ya bei isiposainiwa, umetoka. Bahasha ikifika dakika tano baada ya saa iliyotangazwa haifunguliwi. Makundi ya AGPO hayadaiwi dhamana ya benki, badala yake mnajaza fomu ya tamko la kulinda zabuni. Wengi huiona haina thamani wakaiacha wazi, nayo ni ya lazima. Tangu 2025 Hazina imekuwa ikisukuma ununuzi wote uhamie kwenye mfumo wa kielektroniki, suala lililofika hadi mahakamani, kwa hiyo ulizeni shule yenu inapokea vipi na mjisajili mapema. Kwa manunuzi madogo shule hutumia kwotesheni, ikiwaandikia angalau wasambazaji watatu kutoka orodha yake. Usipokuwa kwenye orodha hiyo huitwi, hata ukiwa na cheti cha dhahabu. Orodha hutangazwa mara nyingi kuelekea mwisho wa mwaka, na sheria inaruhusu kuomba kuingizwa wakati wowote.

Bei ndiyo itakayowaua au kuwaokoa. Kifungu cha 139 kinakataza bei ya mkataba kupandishwa ndani ya miezi 12 tangu kutiwa saini. Bei mtakayoandika Novemba ndiyo mtakayolipwa Juni, hata kama soko limepanda kwa theluthi. Mfanyabiashara hulijua hilo, na ama huweka akiba ndani ya bei ama hutoroka mkataba soko likipanda. Mkulima huandika bei ya siku ile sokoni, kisha Juni anaona broka anatoa zaidi na wanachama wanaanza kuuza kando usiku. Kikundi kikishindwa kupeleka, jina linaharibika shuleni na linaweza kufika mbali zaidi.

Jengeni bei yenu kutoka chini. Nitatumia namba za mfano, wekeni zenu. Gunia la kilo 90 la maharagwe shambani Agosti, Sh 7,200. Gunia lisilopitisha hewa, Sh 250. Usafiri, Sh 150. Kinachopotea mkichagua mawe na yaliyooza, asilimia 2, ni Sh 144. Jumla Sh 7,744. Pesa hiyo itakaa miezi mitatu kabla ya kulipwa. Mkikopa kwa asilimia moja na nusu kwa mwezi, ni Sh 348 nyingine, mmefika Sh 8,092. Wekeni asilimia 5 ya faida ya kikundi, mnaandika Sh 8,500. Mshangao wa wengi ni ule mstari wa riba, kwa sababu hawauhesabu. Halafu linganisheni na soko, kwani sheria inamtaka mnunuzi anunue bidhaa za kawaida kwa bei iliyopo sokoni. Mkiwa juu sana hata AGPO haitawabeba: ndani ya tenda iliyotengwa bado mnashindana na wenye cheti wenzenu.

Na kiasi? Msikisie. Shule yenye wanafunzi 500 ikipika githeri siku tano kwa wiki, kwa mfano gramu 150 za mahindi na gramu 60 za maharagwe kwa kila mmoja, inatumia kilo 75 na kilo 30 kwa siku. Kwa muhula wa wiki 13 hayo ni magunia 54 ya mahindi na karibu 22 ya maharagwe. Mwombeni mtunza stoo namba halisi, kisha mkae kikao na kila mwanachama aandike atakachotoa, kwa saini. Ahidini robo tatu ya kilichoandikwa. Mvua haisaini.

Ubora ni pale mnapoweza kumshinda mfanyabiashara bila kupunguza shilingi. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na kwa daraja la kwanza takataka zisizidi 0.5 na punje zilizovunjika zisizidi 2. Sumukuvu, ile inayotokana na ukungu, isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ile aina ya B1 isizidi 5. Msichukulie hilo kama urasimu: mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 katika Kenya ya mashariki. Ukungu huanza pale mahindi yanapoanikwa juu ya udongo, au yanapofungwa yakiwa mabichi. Anikeni juu ya turubai, msipige punje kwa fimbo hadi zikapasuka, na mtengeneze ukaguzi wa kikundi kabla ya kufunga.

Kama hamna mashine ya kupima unyevu, chupa ya kioo na chumvi vitasaidia kwa hatua ya kwanza. Kausheni chupa na chumvi kabisa, jazeni punje hadi theluthi, ongezeni vijiko viwili vitatu vya chumvi, tikiseni dakika chache, kisha acheni robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 hivi, rudisheni juani. Isiponata bado hamjajua kama mmefika 13.5, kwa hiyo kabla ya kupeleka tafuteni mashine, hata ya kuazima kwa mwenye ghala. Gunia lisilopitisha hewa huua fukusi na dumuzi kwa kuwanyima hewa, bila dawa, lakini likifungwa na nafaka mbichi linakuwa tanuri la ukungu. Na msijaribu kusaga unga ili "kuongeza thamani" mwaka wa kwanza. Unga wa mahindi unaopakiwa unatakiwa uongezwe virutubisho na uwe na alama ya KEBS, shirika la viwango. Punje zenu hazina mzigo huo.

Mkishinda, msipakie gari bila LPO, yaani hati ya shule ya kuagiza bidhaa, iliyosainiwa. Ahadi ya simu kutoka kwa mhasibu wa shule haifungui mfuko wa mtu. Siku ya kupeleka pimeni mbele ya mtunza stoo, mpate hati ya kupokea bidhaa yenye uzito na tarehe, na ankara iende siku hiyohiyo. Ankara inapita kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Mwenye mauzo yasiyozidi milioni 5 kwa mwaka anaweza kutolewa ankara na mnunuzi mwenyewe, kwa hiyo mwulizeni mhasibu kama shule inafanya hivyo. Nafaka isiyosindikwa haina VAT. Shule itakata asilimia 0.5 kama kodi ya zuio kwa muuzaji mkaazi, yaani Sh 42.50 kwa kila gunia la Sh 8,500. Dai cheti cha makato, maana hiyo ni kodi iliyolipwa mbele kwa jina lenu.

Malipo huchelewa, na nitasema ukweli: hii ndiyo hatari kubwa kuliko kushindwa tenda. Chakula cha bweni hulipwa kwa karo ya wazazi. Karo huingia kwa wingi mwanzoni mwa muhula na hukauka katikati. Panga kupeleka na kudai wiki mbili tatu za kwanza, na gawanya mzigo mara mbili kwa muhula badala ya kumwaga wote siku moja. Mkataba wako uandike siku za kulipa. Sheria inaruhusu riba kwa malipo yaliyochelewa, ingawa ni wachache wanaoidai na kubaki marafiki wa shule. Hazina ya Wanawake (Women Enterprise Fund) ina mikopo inayoegemea LPO, iulizieni kabla hamjahitaji. Kikundi ambacho wanachama wake hawawezi kukaa siku 90 bila pesa ya maharagwe hakipaswi kuchukua tenda nzima. Kichukue fungu dogo, au kimuuzie mshindi.

Naam, kumuuzia mshindi. Najua hutaki kusikia hilo kuhusu yule mwenye duka, lakini lipimeni. Anabeba kungoja, anabeba karatasi, anawalipa taslimu siku ya kupima. Faida yenu ni ndogo, usingizi ni mwingi. Nikiwa mahali penu ningegawa: robo au theluthi ya mavuno kwenye tenda ya AGPO mwaka wa kwanza, kiasi kingine hospitali ya kaunti kwa njia ya wakaazi, na iliyobaki kwa mnunuzi wa taslimu, hata akiwa yeye.

Kuhusu tenda ya mwaka jana, muda umepita. Anayeshindwa ana haki ya kuelezwa kwa maandishi sababu ya kushindwa, na ana siku 14 tangu kujulishwa kupeleka malalamiko kwa Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma, ambayo huamua ndani ya siku 21. Kuna ada, na kwa magunia 22 inaweza kula faida yote. Hata hivyo ombeni ile barua ya sababu. Mara nyingi utakuta imeandikwa jambo dogo, ukurasa usio na nambari au cheti kilichoisha, na hilo linawafundisha zaidi ya kesi.

Mambo mawili yasimalizwe kwa kusoma tu. La kwanza, mkiona dalili za rushwa, mfano mtu wa shule kadai asilimia yake au LPO imetoka kabla tenda haijafunguliwa, msibishane naye ofisini. Andikeni tarehe na maneno, muende kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi au Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Mkifikiria Bodi ya Mapitio, mwoneni wakili siku ya kwanza kati ya hizo 14. La pili, kama kuna gunia lolote lenye harufu ya ukungu au punje za kijani na njano, litengeni na mpeleke sampuli kwa afisa wa kilimo wa kaunti ndogo ipimwe maabara. Msilichanganye na mengine kwa kutumaini halitaonekana, na msiwape kuku wala ng'ombe, kwani sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa.

Fomu ya AGPO na ile ya afisa wa maendeleo ya jamii mzee mwalimu anaweza kuzijaza wiki hii. Kikao cha kumchagua mweka hazina kitangulie.